Nitawapata wapi wasafiri wenzangu Lubumbashi?

Msomaji wa Mbeya anauliza: "Shikamoo mama. Mimi ni binti, nachora vibonzo na picha za vitabu vya watoto. Nataka kuja Lubumbashi, huko Kongo, peke yangu kama siku kumi hivi, nione wachoraji wenu na nitembee Kamalondo, mtaa ninaousikia kila wanapotajwa wasanii. Kifaransa sijui. Nilipokwenda Zanzibar nililala hosteli, na jioni ya kwanza tu nikapata rafiki waliokuwa wanasafiri peke yao kama mimi. Lubumbashi watu wa namna hiyo wako wapi? Je, Kamalondo mwanamke anaweza kwenda peke yake? Au ni afadhali nisubiri Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili?"

Marahaba, mwanangu. Hapa kwetu shikamoo haitumiki sana. Ukiingia mahali sema "Jambo mama", "Jambo papa", na mtu mzima usimwite kwa jina tupu. Ukishika hilo, mengine watu watakusamehe.

Nianze na habari isiyopendeza. Lubumbashi si mji wa watalii wa mabegi mgongoni. Ukija ukitafuta chumba chenye vitanda vya ghorofa, na sebule ambamo vijana wa nchi mbalimbali wanapanga safari ya kesho, utazunguka hadi uchoke. Lakini usidhani kwamba watu wanaosafiri peke yao hawapo. Mji huu ulianza 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu siku hizo umejazwa na watu waliofika mmoja mmoja. Kampuni ya shaba ya Union Minière ilikuwa inaleta vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai ya hapa hapa Kongo, Rwanda na Burundi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha makambini. Mpaka leo ndivyo ilivyo. Kuna fundi mitambo kutoka Afrika Kusini ambaye zamu yake imekwisha. Kuna mfanyabiashara wa Dar anayesubiri kontena litoke mpakani Kasumbalesa, na mtafiti aliyekuja kusoma nyaraka za zamani, na msanii aliyealikwa kufanya kazi hapa kwa wiki kadhaa. Hakuna hata mmoja wao atakayekuambia yeye ni mtalii. Kila mmoja ana kazi ya mchana, na jioni hana pa kwenda.

Hao ndio wenzako. Hawapatikani mahali pa kupumzikia, wanapatikana kando ya kazi. Kwa hiyo nawe njoo na kazi. Kwa bahati unayo: daftari la kuchorea na penseli.

Malazi kwanza, maana yatakusaidia au yatakukwamisha. Hoteli kubwa za katikati ya mji ni ghali, na kila mtu humo hula akitazama simu yake. Mimi ningekupeleka kwenye nyumba ya wageni ya misheni, ya Kikatoliki au ya Kimethodisti, au nyumba ndogo ya kulala wageni inayoendeshwa na familia. Kabla ya kulipa uliza swali moja: asubuhi wageni wanakunywa chai meza moja? Wakisema ndiyo, chukua chumba hata kama maji ya moto ni ya ndoo. Meza hiyo ndiyo hosteli yako. Nyumba za misheni zina sheria zake, geti linafungwa mapema na pombe hairuhusiwi, lakini kwa binti aliyefika mji mgeni sheria hizo ni faida kuliko kero. Tena watu wanaolala humo kwa kawaida wamekaa mjini siku nyingi, wanajua dereva gani hadanganyi.

Siku ya kwanza usikimbilie Kamalondo. Nenda Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ukaangalie misalaba ya shaba ya Katanga, eneo letu hili, ile iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya Mzungu kuona mgodi wowote. Kisha tafuta Kituo cha Sanaa Waza, na Picha, kundi la wasanii lililoanzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008. Ongeza Halle de l'Étoile, nyumba ya utamaduni ya Wafaransa. Sehemu hizi tatu usizitembelee kama maduka, kuingia na kutoka. Uliza wiki hii kuna nini: warsha, mazungumzo, filamu, kufunguliwa kwa maonyesho. Matangazo hutoka kwenye kurasa zao na kwenye makundi ya WhatsApp, na mara nyingi hutoka jana yake. Kwa hiyo kwenda mwenyewe na kuuliza mlangoni kunafaa kuliko kuandika barua pepe mwezi mmoja kabla.

Jioni ya kufungua maonyesho ina desturi yake. Hotuba zinakuwa za Kifaransa, nazo ni ndefu. Vumilia. Zikiisha, watu wanatoka uani, na pale uani lugha inageuka. Utasikia Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa na kidogo Kibemba, nawe utakielewa baada ya dakika chache. Watakucheka kwa upole, watasema unaongea kama redio. Usione haya, kicheko hicho ndicho kinachofungua mazungumzo. Ndipo angalia pembeni: kuna watu wawili watatu wamesimama peke yao na glasi mkononi, wanatabasamu bila kuelewa kitu. Mzambia mpiga picha, labda, au dada wa Johannesburg. Hao wana Kiingereza na hawana Kiswahili. Wenyeji wana Kiswahili, na Kiingereza wanacho wachache. Wewe unavyo vyote viwili. Kukosa Kifaransa ulikokuogopa hakutakuzuia, maana Mtanzania anayeweza kutafsiri ni mtu ambaye kila mgeni anataka kutembea naye. Lakini tahadhari: kutafsiri mazungumzo ya jioni ni urafiki, kumzungusha mtu sokoni kutwa nzima ili apunguziwe bei ya malakiti, yale mawe ya kijani, ni kazi, na kazi ina malipo. Waambie mapema.

Ujue pia majina machache, kwa sababu mtu anayekuja peke yake kwa ajili ya sanaa huja na jina moja kichwani, na ukilijua nawe, mmeshapata la kuzungumza. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakuwataka wanafunzi wake waige Ulaya. Pilipili Mulongoy alijaza turubai zake ndege, samaki na nyoka, Bela alichora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga alijenga picha nzima kwa mistari mifupi iliyopangana. Wewe mchoraji wa vitabu vya watoto, kazi za Pilipili zitakushika usiondoke. Picha za mtindo wao bado zinachorwa na kuuzwa mjini. Nunua ukipenda rangi, usinunue kwa kuambiwa ni ya mzee mwenyewe.

Halafu kuna wale wa mitaani wa miaka ya 1970, waliochorea sebule za wafanyakazi: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au picha ya Colonie belge yenye askari anayempiga mfungwa viboko mbele ya bwana mkubwa wa Kibelgiji. Aliyekwenda mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima kwa mfululizo wa picha kama mia moja, akiandika maneno juu ya picha yenyewe. Mtu wa vibonzo atamwelewa haraka kuliko profesa. Na wa siku zetu ni Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa 1978, mmoja wa waanzilishi wa Picha. Ukimtaja yeye tu, wageni wa sanaa wataanza kuongea.

Sasa Kamalondo. Nenda mchana, kwa miguu, kutoka katikati ya mji, na uende na mwenzako mmoja uliyempata mezani au uani. Nasema kwa miguu kwa sababu njiani utavuka historia. Wakoloni waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, wakipima umbali ambao mbu hawezi kuruka, ati malaria isiwafikie. Baloji aliutengenezea ukanda huo kazi maarufu: picha za mji zilizopigwa kutoka angani, zimepangwa kando ya picha za wadudu waliochomwa pini. Leo pamejengwa, watu wanapita na mizigo yao, na usipoambiwa hutajua. Ukitembea na mtu na kumweleza habari hii, hamtakuwa wageni tena kwa kila mmoja mtakapofika ng'ambo.

Ukifika huko usitegemee ukuta uliopakwa rangi kwa ajili ya simu za watalii. Usanii wa Kamalondo unausikia kabla hujauona. Ni mtaa wa muziki, ngoma na vichekesho. Jecoke, kundi la ngoma na michezo ya kuigiza lililoanza miaka ya 1950, ni watoto wa Kenya, mtaa mwingine wa mji huu, si ile nchi. Ukibahatika utakuta karindula kwenye kona, kwa Kamalondo au mitaa ya Katuba na Kenya, ile banjo kubwa ya nyuzi nne iliyotengenezwa kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Mpigaji huikalia au huiegemeza chini, kijana mmoja anacheza mbele, na watu wanatupa noti. Toa noti yako ndogo nawe, kisha simama. Karindula haina viti wala mpangilio wa nani na nani, na aliyekuja peke yake haonekani kuwa peke yake. Ni mahali rahisi kuliko pote pa kumgeukia jirani na kuuliza, "Wimbo huu unasema nini?"

Uwanja wa TP Mazembe nao uko Kamalondo. Sijui kama unapenda mpira, na hainihusu: nenda. Timu hii imechukua ubingwa wa Afrika mara 5, na mwaka 2010 ilifika fainali ya klabu bingwa ya dunia, ya kwanza kutoka Afrika. Mashabiki wake wanaoitwa Cent pour Cent hawanyamazi dakika zote tisini. Wasafiri wengi wanaopita mjini hutafuta mechi kwa sababu ndiyo burudani pekee wanayoijua kabla ya kufika, hivyo ukimwambia mtu wa mezani "Jumapili tunakwenda uwanjani" atakubali hata kama mmejuana asubuhi hiyo. Kata tiketi ya jukwaa lenye kivuli. Siku Mazembe inapokutana na Lupopo, timu nyingine ya mji huu, angalia nguo zako: nyeusi na nyeupe ni ya hawa, njano na bluu ni ya wale. Siku hiyo mgeni hana haja ya kuchagua upande.

Umeuliza kama mwanamke anaweza kwenda Kamalondo peke yake. Mchana, ndiyo. Wanawake wamejaa njiani, wanauza, wanasuka, wanapika, na ukichoka kaa kwa mama anayeuza chakula, agiza bukari na sombe au kapenta, umwambie umetoka Mbeya. Bukari ni ugali wako tu, sombe ni kisamvu, kapenta ni dagaa, usiogope majina. Atakuuliza umeolewa, una watoto wangapi, kwa nini unatembea peke yako. Kwetu hayo si maswali ya upelelezi, ni njia ya kujua akuweke wapi. Jibu lolote fupi linatosha, na kutaja kwamba unafuatwa saa fulani hakudhuru. Usiku ni habari nyingine. Giza likishaingia usitembee kwa miguu, na usipande gari lenye wanaume watatu wanaosema wanaelekea unakoelekea. Chukua namba ya dereva mmoja aliyependekezwa na nyumba unayolala, uitumie hiyo hiyo kila siku. Pikipiki, hao manseba, ni rahisi na wako kila kona, ila mimi usiku sizipandi na sitakushauri uzipande. Baa za wazi zenye muziki na michopo, nyama ya mbuzi iliyochomwa, zinapendeza sana mkiwa wanne. Ukiwa peke yako utatumiwa chupa za bia na meza za jirani, na kila chupa ina maelezo yake.

Kuchora kuna usalama kuliko kupiga picha, lakini omba ruhusa kwanza, hata kwa daftari. Kamera na simu usizielekeze kwa askari, majengo ya serikali, kituo cha reli, daraja wala uwanja wa ndege. Hata lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kilima cheusi cha masalia ya shaba kando yake, ambavyo kila mgeni anataka kuvipiga, vipige kwa mbali na ukiwa na mwenyeji. Tembea na nakala ya pasipoti yenye ukurasa wa muhuri wa kuingilia, pasipoti yenyewe ibaki ulipolala. Na usitanie mambo ya kabila wala ya nani ni mzawa wa Katanga na nani alitoka Kasai. Miaka ya 1992 na 1993 watu walifukuzwa majumbani kwa hilo, na wengine wao ndio utakaokaa nao meza moja.

Nimeliacha mwisho jambo ninaloliamini kuliko yote. Ukitaka wasafiri waliotawanyika wawe kundi, wape gari la kuchangia. Nje ya mji kuna kijiji cha Makwacha, ambako wanawake huchora kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali. Kila mtu wa sanaa anayefika Lubumbashi ameshasikia habari zake, na karibu kila mmoja anasitasita kwa sababu gari la siku nzima ni ghali kwa mtu mmoja. Basi siku yako ya pili, mezani na uani, sema wazi: "Alhamisi nakwenda Makwacha, gari lina nafasi tatu, tunagawana." Hakuna salamu wala programu ya simu itakayokuletea watu upesi kama sentensi hiyo. Wanaokuja wana nia moja nawe, mmekubaliana fedha mapema, na mna saa kadhaa ndani ya gari za kuongea. Pitieni kwanza kwa Waza au Picha muulize nani anafahamiana na kijiji, kwa sababu kule hamwendi kuangalia maonyesho, mnaingia majumbani mwa watu. Bebeni kitu cha kumpa mkuu wa kijiji, muulize kabla ya picha, na mkichora, waachieni akina mama baadhi ya michoro. Mchoraji akimchora mchoraji mwenzake, kuna heshima ambayo mwenye kamera haipati kirahisi.

Jumapili asubuhi, kama u mtu wa kusali, ingia kanisani. Makanisa mengi yetu humsimamisha mgeni na kumtaka ajitambulishe. Sema jina, Mbeya, na kwamba unachora. Ibada ikiisha hutaondoka bila mwaliko wa chakula, na mezani huko mara nyingi utakuta mgeni mwingine aliyesimamishwa kabla yako.

Njia unaijua: Tunduma, Nakonde, halafu mabasi ya Zambia hadi Chililabombwe na mpaka wa Kasumbalesa. Kwenye mabasi hayo wafanyabiashara wanawake kutoka kwenu wanasafiri kila wiki, kaa karibu nao. Wanajua dirisha gani la mpakani lina foleni fupi, na wanajua kumjibu mtu anayedai ada isiyokuwepo. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi. Dola ziwe safi, maana noti yenye mchaniko hata mdogo itakataliwa dukani na kwa dereva. Saa zenu na zetu zinapishana kwa saa moja, rudisha nyuma.

Kuhusu Biennale, mimi nisingesubiri. Ni sikukuu nzuri, mji unajaa wageni, na kama tarehe zikiangukia kwako shukuru. Lakini wageni wa Biennale wanafika na ratiba, mabasi na vitambulisho shingoni, wengi wanajuana tangu Dakar au Brussels, na msichana wa Mbeya aliyesimama pembeni hawamwoni upesi. Njoo kiangazi, kati ya Mei na Septemba, barabara ya Makwacha ikiwa kavu. Wageni wa sanaa miezi hiyo ni wachache, na kwa hiyo wanatafutana. Leta sweta nzito, Juni na Julai usiku wetu ni baridi, Mbeya itakuwa imekufundisha. Ukishapata tarehe, waandikie Waza na Picha mistari mitatu kwa Kiswahili, kwamba wewe ni mchoraji na ungependa kukaa nao mchana mmoja ukichora. Wasipojibu, njoo tu ubishe hodi.